Kaluki Hataki Kupumzika

Syokimau,
11 Agosti 2024

Mwaitu,

Natumaini barua hii imekukuta na afya, mama yangu. Mimi niko na hasira, lakini naanza na salamu kwa sababu ndivyo ulivyonifundisha. Ann na watoto hawajambo.

Ulisema juzi, kabla ya kunikatia simu na kuizima kabisa, kwamba nikitaka kuongea nawe niandike, maana kwa simu nabweka kama mbwa wa jirani. Haya, naandika. Nimezunguka mtaa mzima nikitafuta bahasha, na kila duka wananiuliza kama ni ya mchango wa harusi.

Ni kweli umenunua ploti nyingine Machakos? Nthenya alinipigia akiwa na furaha utafikiri amepata mtoto. "Mama amepata ya pili, hapo hapo njia ya Mutituni, karibu na ile ya kwanza!" Dada yangu anaweza kushangilia, yuko Kisumu. Mambo yakiharibika si yeye atakayeokota vipande.

Baba alipotuacha na pesa zake za uzeeni kutoka reli zikatoka, tulikubaliana ujenge vyumba sita vya kupangisha, upate kodi ya dawa na sukari. Ukajenga. Nilikusifu mbele ya kanisa zima. Mimi nilidhani mambo yameishia hapo. Sasa nasikia unataka kuuza nusu ya chini ya shamba letu la Wamunyu ili ujenge vingine. Shamba ambamo baba amelala!

Unajua haliuzwi bila sahihi yangu, na sahihi hiyo sitaitoa. Mwaitu, una miaka sitini na saba. Keti chini. Pumzika.

Mwanao,
Musili


Wamunyu,
19 Agosti 2024

Musili,

Barua yako imefika. Kondakta wa matatu aliniletea hadi mlangoni mwa kanisa, akanikabidhi mbele ya akina mama wote, wakadhani nimeshtakiwa.

Baba yako hakulala nusu ya chini. Amelala juu, nyuma ya ghala, na huko hakuna mtu atakayegusa hata jani. Nusu ya chini ndiyo ile aliyokuwa akilima kila akija likizo kutoka Mombasa. Mahindi yalikuwa yanafika kiunoni, kisha jua linayala. Alikuwa akisimama hapo mlangoni, ananiambia, "Kaluki, hili shamba linanicheka." Wewe ulikuwa shule ya bweni. Leo ndiyo unalipenda? Jembe ulilishika lini mara ya mwisho?

Na hilo neno pumzika nimelichoka. Daktari pumzika, mchungaji pumzika, sasa na wewe. Umewahi kuona vijana wakipandisha mkokoteni wa maji kutoka mtoni? Hakuna anayepumzika katikati ya mlima. Ukisimama tu, mkokoteni unarudi chini na mapipa yako juu ya mgongo. Biashara ya nyumba ndiyo hiyo. Vyumba sita vilijaa kabla rangi haijakauka. Wauguzi wa hospitali wanakuja kunibishia mlango, "Mama, hakuna kingine?" Niwaambie nini, kwamba mwanangu amesema nipumzike? Watahamia kwa mwingine, wataita na wenzao wawafuate, na mimi nitabaki nikifagia uwanja. Mwendo ukishapatikana unakwenda nao. Hauji ukakungoja.

Fomu ya ridhaa nimeiweka ndani ya bahasha hii. Tia sahihi uirudishe kwa kondakta.

Msalimie Ann. Mwambie ile mbegu aliyonipa imeota vizuri.

Mama yako,
Kaluki Maundu


Syokimau,
15 Septemba 2024

Mwaitu,

Nimerudi sasa hivi kutoka Wamunyu na sijavua hata viatu. Nilikuja bila kukuarifu kwa sababu ungejua ungejificha. Nikasukuma mlango wa nyumba ya baba, nikakuta twiga.

Twiga, Mwaitu! Wa mti, hawajatiwa masikio, wamepangwa pale kochi lilipokuwa. Ndunda mchongaji ameketi katikati yao na shoka dogo, vumbi la mbao mpaka kwenye picha ya baba.

"Karibu," akaniambia. Mimi! Ananikaribisha kwetu!

"Mama yuko wapi?"

"Mama mwenye nyumba?"

"Mama yangu."

"Alihamia Machakos. Kwani hukuambiwa?" Akanifutia kigoda kwa mkono, akanimiminia chai. Nikanywa. Ningefanya nini?

Umempangisha mtu nyumba ya baba. Hujaniambia. Hujamwambia mtu yeyote mwenye akili timamu.

Sikiza nikupe kisa, labda utaelewa kwa nini sipati usingizi. Kuna mtu ninayemjua kazini, mtu aliyesoma, si mjinga. Alinunua ploti kwa kampuni iliyokuja na hema na muziki na basi la kupeleka wateja kuona. Akaonyeshwa vijiti vilivyopakwa rangi, akapewa karatasi yenye muhuri. Siku aliyokwenda kuweka ua alikuta wenye shamba wanavuna ndengu zao, na hiyo kampuni hawajawahi kuisikia. Ofisi ilikuwa imefungwa, hema limekwenda na muziki wake. Huyo mtu mpaka leo akisikia neno ploti anatoka nje. Hayo ndiyo mambo unayochezea.

Fomu yako nairudisha kama ilivyo.

Kuhusu mbegu, Ann anasema zilikuwa za sukuma. Sikujua mmeanza kilimo pamoja.

Musili


Machakos,
22 Septemba 2024

Musili,

Ndunda analipa kodi kwa wakati, anafagia, na picha ya baba yako ameipangusa mwenyewe baada ya wewe kuondoka. Nyumba isiyokaliwa inaliwa na mchwa. Wewe ulikuwa unaikalia? Ulikuwa unakuja Krismasi, unalala siku mbili, unalalamika kuhusu godoro.

Mimi nakaa kwenye chumba changu cha mwisho hapa hapa kwa wapangaji. Usinionee huruma. Mwenye nyumba akikaa mbali, nyumba inakuwa ya kila mtu. Tangu nije nimejua nani anaunganisha stima ya mwenzake, nani anafua usiku akimaliza maji ya tangi, na yule daktari mdogo wa chumba cha tatu nimejua kwa nini alitaka kuhama. Alikuwa anavujiwa juu ya kitanda na alikuwa anaona haya kusema. Nimeita fundi Festus akabadilisha bati. Hahami tena. Hizo ndizo kazi ambazo wewe unaita kuchezea.

Huyo mtu wako wa kazini mwambie pole. Mwambie nimesema hivyo kwa moyo wangu wote. Kuibiwa si ujinga. Mwambie pia kwamba aliyeumwa na nyoka asizuie wengine kwenda kutafuta kuni.

Shamba sikuliuza, kwa hiyo tulia. Lakini msingi wa vyumba vipya tumeshauchimba. Nimepata mshirika. Ametoa pesa zake mwenyewe bila kusukumwa, na alikuja kukagua ploti akiwa amevaa gambuti, akapita kila pembe akiuliza maswali. Jina lake sikupi, kwa sababu ameniomba nisilitaje. Ni mtu mwenye heshima, tena kukuzidi wewe.

Mama yako


Syokimau,
6 Oktoba 2024

Mwaitu,

Mshirika! Mshirika gani asiyetajwa jina?

Basi nitalitaja mimi. Nimeuliza watu. Nimeambiwa yule dalali Mwangangi anaonekana kwenye ploti yako asubuhi na jioni, na siku ya soko alikubebea mfuko wa viazi mbele ya macho ya watu. Ametoa pesa zake "bila kusukumwa". Naam, hata mimi ningekuwa dalali ningemtolea pesa mjane mwenye ploti mbili! Kesho utaniambia amehamishia viatu vyake kwenye chumba cha mwisho.

Baba hajamaliza miaka mitatu kaburini. Sitaki kusema zaidi. Ikibidi nitakwenda kwa chifu, nisimamishe huo ujenzi mpaka familia ikae chini.

Jana usiku nilimwambia Ann haya yote, akaangusha sufuria. Hata yeye amestuka.

Musili


Machakos,
9 Oktoba 2024

Musili,

Mwangangi ana meno matatu na mke mkali. Anakuja kwa sababu ploti inayofuata anataka kumwuzia mtu na anapenda kumwonyesha ujenzi wetu.

Nimekuzaa, nikakulea, nikakusomesha kwa kushona sare za watoto wa wenzangu, halafu leo unanihesabia wanaume wa sokoni. Usiniandikie tena mpaka adabu ikurudie.

Kaluki


Syokimau,
16 Oktoba 2024

Mwaitu mpendwa,

Barua hii nimempa mwanamke mwenye duka jirani na langu sokoni Mlolongo, anakuja kwao Machakos kesho. Naomba radhi kwa niaba ya mume wangu. Barua yako ya mwisho aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, akatoka nje kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Mwaitu, nimechoka kudanganya. Kila jioni namsongea ugali na yeye yuko nyuma yangu, "Ann, unadhani ni Mwangangi?" Nasema sijui. "Unadhani ni yule mzee wa kanisa?" Nasema sijui. Siku ile alipotaja mshirika kuvaa gambuti niliangusha sufuria kwa sababu gambuti zangu zilikuwa hapo mlangoni, zina udongo wa Machakos, na yeye alikuwa amezikanyaga akiingia.

Lakini nikikumbuka jinsi alivyonijibu mwaka jana, hasira inarudi. Nilimwambia vizuri, nimeweka akiba kutoka kwenye biashara yangu ya nguo za watoto, tuungane na mama tujenge. Akacheka. "Wewe na mama mtauziwa hewa." Na hewa alikuwa ameinunua yeye, peke yake, bila kuniuliza! Ile hadithi ya mtu wa kazini ndiyo hiyo, unaijua, nilikusimulia nikilia. Sijawahi kumtupia usoni. Sitamtupia. Lakini kwa nini mtu akijikwaa atake nyumba nzima ikae chini?

Sasa kuhusu kazi. Vyumba vinne vya nyuma vinakwenda vizuri, na mbele kumebaki nafasi ya kutosha kuelekea barabarani. Naona tuweke maduka mawili. Kuna muuguzi tayari ameniuliza kama atapata la dawa. Najua unataka kumngoja saveya apime kwanza, lakini saveya anatuzungusha, mara ana safari, mara ana msiba, na mvua iko karibu. Tukipoteza mafundi sasa watakwenda kwenye kazi nyingine na hatutawaona mpaka mwakani. Ni wewe uliyeniambia hakuna kupumzika katikati ya mlima. Mwambie Festus aanze. Saveya atapima atakapopatikana.

Mkazamwana wako,
Ann


Machakos,
4 Desemba 2024

Ann mwanangu,

Keti kabla ya kusoma.

Juzi asubuhi walikuja watu wa barabara na kopo la rangi nyekundu. Wakavuta tepu yao kutoka katikati ya lami, wakaja, wakaja, mpaka wakaingia ndani ya duka la pili. Wakapiga X kwenye ukuta wa mbele, kubwa kama mlango, na nyingine kwenye duka la kwanza. Wamesema tubomoe wenyewe, la sivyo watakuja na tingatinga, na tingatinga haliwezi kuchagua. Likigusa maduka litagusa na vyumba.

Niliwabishia. Nikawaonyesha bikoni, lile jiwe la mpaka wa ploti. Kijana wao mmoja akaniambia kwa upole, "Nyanya, hii bikoni ilisogezwa zamani. Ya kweli iko hapa." Akakwatua majani kwa kiatu, na kweli, ilikuwa hapo chini ya udongo. Mwangangi, aliyeniuzia ploti, anasema hakujua. Pengine hakujua. Nimepiga kelele mpaka wapangaji wakatoka nje, lakini nilikuwa najipigia mimi mwenyewe.

Usijilaumu. Ndiyo, ulinisukuma, lakini wewe ulikuwa Mlolongo na mimi nilikuwa nimesimama juu ya hiyo ardhi. Nilipaswa kungoja saveya. Nilikuwa nimelewa mwendo. Vyumba vimejaa, watu wananiita mama landilodi, nikadhani miguu yangu haiwezi kukosea.

Pesa zako zilizoingia kwenye maduka nitakurudishia kutoka kodi za vyumba vya zamani, polepole. Kwa hilo sitaki mjadala.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Mwambie mumeo. Mwambie yeye mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hajasikia kwa watu. Ananikasirisha mpaka usingizi unanitoka, lakini ni mtoto wangu, na nimechoka kuwa upande mmoja wa mlango na yeye upande mwingine.

Mama


Syokimau,
10 Desemba 2024

Mwaitu,

Ann ameniambia.

Aliniambia Jumapili baada ya kanisa, watoto wakiwa nje. Alizima jiko kwanza, nikajua ni jambo kubwa.

"Mshirika wa mama ni mimi."

Nikacheka. Nilidhani ananitania kwa sababu ya Mwangangi. Alipoona nacheka akavuta kiti akaketi mbele yangu, na uso wake ukanikata kicheko.

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyoniambia tutauziwa hewa."

"Mke wangu na mama yangu! Mmekuwa mkinicheka?"

"Hatujakucheka hata siku moja. Tungekuwa tunakucheka ningekwambia mapema, ingekuwa rahisi."

Halafu akaniambia kuhusu X. Sijui nieleze vipi, Mwaitu. Miezi yote hii nimekuwa nikingoja siku niseme, "Si niliwaambia?" Na siku hiyo ikafika, ikanikuta mezani mbele ya mke wangu anayelia juu ya maduka mawili, na neno lenyewe likakataa kutoka. Nimekaa nalo mdomoni kama punje ya mahindi ya muthokoi isiyoiva.

Nimekasirika bado, usidhani. Nimekasirika kwamba unanijua kuliko nilivyotaka. Ile salamu yako ya pole kwa mtu wa kazini nimeielewa sasa. Uliniandikia hivyo ukijua, na mimi nikaikunja nikaitupa kwenye droo.

Na yale niliyosema kuhusu wewe na sokoni, nayafuta.

Nimeomba likizo. Nakuja Jumamosi na nyundo. Msibomoe chochote kabla sijafika, na msimlipe Festus kubomoa kitu ambacho mimi naweza kubomoa bure.

Musili


Machakos,
20 Januari 2025

Musili,

Mkono umepona? Nilikuambia usipige nondo ukiwa umesimama chini yake, ukaniambia nikakae kivulini. Festus bado anacheka. Anasema hajawahi kuona mtu akibomoa ukuta akiugombeza.

Lakini mawe umeyatoa mazima, karibu yote, na milango na mabati tumeokoa. Yule wa tepu alikuja wiki iliyopita akaangalia, akaandika kwenye daftari lake, akasema sasa tuko sawa na vyumba vya nyuma havina shida. Saveya naye hatimaye amepatikana. Safari hii nilimfuata nyuma pembe kwa pembe mpaka akaniuliza kama nataka kazi.

Vyumba vinne vimekamilika. Viwili vimeshachukuliwa, na si kwa haraka kama zamani. Watu waliona X, wanaogopa. Sasa nawaeleza mmoja mmoja, nawaonyesha bikoni mpya. Kazi ya mwaka mzima imerudi nyuma nusu. Ndivyo ilivyo. Tutasukuma tena, na safari hii tutaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Uliniambia wakati ule ukinywa maji kwamba uko tayari kutia sahihi ya shamba. Asante. Iweke. Mwaka huu siihitaji. Ndunda ameniomba alime ile nusu ya chini, apande ndengu, nimemkubalia.

Sahihi ninayohitaji ni nyingine. Ploti hii ya pili iko kwa jina langu peke yangu na hiyo si haki. Mimi na Ann tumeamua iandikwe majina mawili, langu na lake. Nikifa iwe yake. Wakili anataka wewe na Nthenya mje muandike kwamba mnajua na hampingi, ili siku nikiondoka usianze kesi na mke wako. Nthenya ameshatuma yake.

Jina lako halimo. Nakwambia mapema ili usilitafute kwenye karatasi.

Mama yako


Syokimau,
27 Januari 2025

Mwaitu,

Kwa nini lisiwemo?

Sipingi Ann awemo, pesa ni zake. Lakini mimi ni mtoto wako wa kiume, wa pekee. Nimebomoa mpaka kucha ikatoka. Watu wataniuliza mama yako amekuachia nini, niseme amemwachia mke wangu? Watasema nimeolewa mimi.

Nilimwuliza Ann. Aliniambia, "Mwandikie mama." Kisha akaendelea kukunja nguo.

Musili


Machakos,
2 Februari 2025

Musili,

Watu watakaouliza ni watu gani? Wale wale walionihesabia wanaume?

Sikuadhibu. Ingekuwa adhabu ningekupa mbele ya Festus, ungeisikia. Sikiza basi. Mimi nilikaa kwenye shamba la baba yako tangu nikiwa msichana. Nililima, nikachimba mitaro, nikajenga ghala lile kwa mikono yangu. Na alipokufa, kila karatasi niliyoshika ilikuwa na jina lake, na chini yake lako, na mimi nilikuwa mtu wa kuomba fomu irudishwe kwa kondakta. Wewe hukuona ubaya wowote. Uliiandika kwenye barua ya kwanza kama mtu anayesoma sheria: haliuzwi bila sahihi yangu. Niliisoma hapo mlangoni mwa kanisa, akina mama wakinitazama.

Sitaki Ann aje kuomba fomu kwa mtoto wake.

Wewe una mshahara, una urithi Wamunyu ukiutaka, una mke ambaye anajua ulichopoteza na bado anakusongea ugali. Huo si umaskini. Sasa niambie kama unakuja au huji, maana wakili naye ana wateja wengine.

Mama


Syokimau,
9 Machi 2025

Mwaitu,

Ulipotoka pale ofisi ya ardhi Ijumaa uliniuliza karani aliniambia nini hata nikacheka peke yangu, na sikukujibu kwa sababu Ann alikuwa anatuharakisha. Nakujibu sasa.

Lakini kwanza acha nilalamike. Niliamka alfajiri. Wakili aliposema saa tatu alimaanisha saa tano. Mara picha zangu za pasipoti zina mandhari isiyotakiwa, mara nakala ya kitambulisho iwe pande mbili, mara mtu wa muhuri ameenda kunywa chai. Nimezungushwa Machakos nzima kwa miguu, na yote hayo ili nitangaze kwamba mimi si mwenye kitu. Nadhani hakuna mtu amewahi kuhangaika hivyo kutoandikwa jina.

Nilipofika dirishani nikatia sahihi. Ile barua yako ya mwisho nilikuwa nayo mfukoni, Mwaitu, na nilikuwa nimekuja na maneno ya kukujibu. Sikuyasema na siyaandiki. Mengi yalikuwa ya kujitetea.

Karani akageuza karatasi, akatazama majina, akanitazama mimi.

"Kaluki ni nani?"

"Ni mama yangu."

"Na Ann?"

"Mke wangu."

"Na wewe uko wapi hapa?"

Nikageuka. Nyuma yangu nyinyi wawili mlikuwa mnabishana kwa sauti, Ann anasema jina lake liandikwe na herufi ya kati, wewe unasema herufi inachelewesha watu, na foleni nzima imewageukia. Nikamwambia, "Mimi nimekuja nao."

Akasema, "Basi kaa pale kwa benchi, usizibe dirisha."

Hapo ndipo nilipocheka. Nikakaa pale kwa benchi. Mkaja, bila hata kunitazama, mkaniwekea mikoba yenu mapajani, mkarudi dirishani kuendelea kubishana.

Mwanao,
Musili